Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa uhifadhi: baraza si benchi la nje

Mheshimiwa Mkurugenzi mwenye dhamana ya uhifadhi wa Mji Mkongwe, Zanzibar,

Assalaam alaikum.

Ombi letu ni moja: kila kibali cha ukarabati wa nyumba kilitaje baraza, ule ukingo wa mawe wa kukalia mbele ya nyumba, kwa jina lake, vipimo vyake na vifaa vyake. Mchoro ukiliita "benchi la nje", fundi atalichukulia kama samani, kitu cha kuvunjwa ili pikipiki zipate pa kuegeshwa.

Mzizi wa neno hili ni wa Kiarabu, b-r-z: kujitokeza, kutoka ndani na kuonekana. Msomaji wa Kurani anakutana nao katika Sura Ibrahim, aya ya 21 na ya 48, pale viumbe wanapotoka kuhudhuria mbele ya Mola wao. (Barzakhi, ambayo wengine huihusisha na baraza, ni neno jingine kabisa.) Oman na Ghuba, barza ni kikao cha mtawala kusikiliza raia, na masultani wa Zanzibar nao walikaa baraza. Kwetu neno likabeba kikao na pa kukalia kwa pamoja. Ndiyo maana Baraza la Wawakilishi, lililoanza 1980, lina jina moja na ukingo wa mawe anapokaa mnywa kahawa na mcheza bao.

Tena ukingo ule una kazi. Mgeni huketi hapo akazungumza na mwenyeji, na wa ndani wasisumbuliwe. Masika maji yakijaa njiani, watu hupita juu ya mabaraza. Lamu kazi hiyo ya kupokea wageni hufanywa na daka, kibanda cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Kwa hiyo hatudai kwamba jina moja linatosha pwani nzima.

Kinachoyaua mabaraza zaidi ni saruji. Baraza la asili ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nayo hunyonya unyevu kutoka ardhini. Chokaa ina vinyweleo, hivyo maji hutoka yakakauka. Saruji huyafungia ndani. Yakitafuta njia hubeba chumvi, chumvi huganda nyuma ya lipu, lipu huvimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Fundi akirudi na saruji nyingine, jiwe huliwa zaidi. Ukuta wa nyumba nao haupumui tena kwa chini, na unyevu hupanda juu zaidi ya pale ulipokuwa ukiishia.

Kulirekebisha kunataka subira kuliko fedha. Saruji ibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutetemesha. Mawe yapigwe brashi, yaloweshwe. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulazwa shimoni wiki kadhaa, kwani punje ambayo haijazimika italipuka ndani ya lipu. Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga usiwe wa ufukweni: ule unaleta chumvi ileile tunayoikimbia. Tabaka moja lisizidi unene wa sentimita 1, na lisubiriwe likaze kabla ya linalofuata. Nyufa ndogo zikitokea hukandamizwa kwa mwiko tabaka likiwa bado bichi. Kisha lifunikwe magunia yenye maji siku kadhaa. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa pole pole, na jua la mchana likiikausha kabla ya wakati inabaki unga. Uso wa juu uwe na mteremko mdogo wa kuelekea njiani. Bila huo, mvua hutuama pembeni mwa ukuta.

Tunaomba basi urefu, kina na mteremko wa kila baraza vipimwe na kuandikwa kwenye kibali kabla nyundo haijashikwa, na saruji itajwe waziwazi kuwa hairuhusiwi juu yake.

Wako katika kazi,
Mafundi wa chokaa na wanafunzi wa lugha