Kochi wetu wa Hanang

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke mwalimu mstaafu tuliyemzika mwezi uliopita huku Hanang, mkoani Manyara. Wanafunzi tulimwita Kochi, na wazazi wetu nao wakamwita hivyo hivyo. Alifundisha Jiografia. Juu ya hapo alikuwa mwalimu wa michezo na mwalimu wa malezi na unasihi, bila kupunguziwa kipindi hata kimoja.

Nilianza kidato cha kwanza katika shule yetu ya kata mwaka 2008. Uwanja ulikuwa vumbi tupu, mistari ya mbio tuliichora kwa majivu ya jikoni, na wengi tulikimbia peku. Kochi alikuwa na filimbi, saa ya kupimia muda na kaunta buku. Kila Ijumaa jioni alitupima wote, mwenye kipaji na asiye nacho, akaandika. Watu walidhani anatafuta wa kupeleka UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Ni kweli alitafuta, na tulifika mpaka ngazi ya mkoa. Lakini daftari lile lilikuwa na kazi nyingine. Mtoto aliyezoea kumaliza mita 800 vizuri akianza kuburuza miguu wiki hadi wiki, Kochi hakumgombeza. Alisubiri wenzake waondoke, kisha akamwambia, "Twende tutembee mzunguko mmoja."

Mzunguko huo ndio uliokuwa ofisi yake. Chumba cha unasihi hatukuwa nacho, na sidhani kama angekitumia sana, maana mtoto akionekana anaingia humo, kesho darasa zima litamuuliza kulikoni. Ukitembea na kochi uwanjani, kila mtu anajua mnaongea habari za mbio. Hapo ndipo watoto waliposema kwamba hawajala tangu jana, kwamba mama anapigwa, kwamba kuna watu wamekuja nyumbani na ng'ombe wa posa. Muda wa mbio aliuandika. Aliyoambiwa hakuyaandika popote.

Mimi nilimwambia baba amekataa niendelee na kidato cha tatu. Ada ya shule za kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ila michango ndiyo iliyotuumiza, na kaka yangu naye alikuwa anasoma. Jumamosi Kochi akaja nyumbani. Hakutaja shule. Aliongea na baba habari za mahindi na mifugo mpaka jua likazama, akaaga. Nililia usiku ule, nikidhani amenitupa. Akaja tena, wakaendelea na mahindi. Mwishowe baba mwenyewe ndiye aliyeanza: "Mwalimu, huyu binti tumfanyeje?" Walichokubaliana sikuambiwa hadi leo. Nilirudi darasani, na sasa ni muuguzi.

Kustaafu hakukumweka nyumbani. Tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023, na kuua watu Katesh na vijiji jirani, waliopoteza makazi walihifadhiwa kwenye shule. Kochi alifika na mpira na filimbi yake. Aliwachezesha watoto, na kila nilipomwona anatembea taratibu na mmoja wao pembeni mwa uwanja, nilijua kazi gani inafanyika pale.

Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03, Kochi alinipigia simu akicheka kwa furaha. Kisha akauliza, "Hivi huyu kijana, shuleni kwao Singida nani alikuwa anakaa naye?" Waandishi, ulizeni swali hilo kila mnapomhoji mwanariadha.

Kwa halmashauri zetu nina ombi. Mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi. Anasahihisha madaftari kama wenzake, anashika zamu kama wenzake, halafu tunataka saa kumi jioni awe na utulivu wa kumsikiliza binti anayeogopa kurudi nyumbani. Na mwalimu wa michezo ashirikishwe katika malezi mwaka mzima, asitafutwe msimu wa UMISSETA tu na kukabidhiwa jezi. Haya Kochi aliyasema kwenye vikao vya shule miaka yote, na aliyaandika kwa barua, nakala alinionyesha. Sasa nayaomba mimi kwa niaba yake.

Muuguzi,
Katesh, Hanang