Manyoya ya mbwa kwenye baibui la Idi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Morogoro aliyeandika katika ukurasa huu Jumamosi iliyopita kwamba mwenye nyumba ndogo afuge mbwa wa manyoya mafupi, kwa sababu hao hawapukutiki. Nilisoma nikiwa nimeshika mkasi, nikacheka peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Makorora hapa Tanga. Miaka minne iliyopita wezi waliingia usiku wakang'oa vichwa viwili vya cherehani, wakaniachia meza. Mwanangu akaniletea mtoto wa mbwa, jike, chotara wa mbwa wetu wa mtaani na dume la Labrador, mbwa wa kizungu. Mweupe, nikamwita Pamba. Wezi hawajarudi, hilo namshukuru. Manyoya yake hayazidi upana wa kidole, na ndiyo yaliyonitia hasara.

Unyoya mrefu ukidondoka unauona, unauokota. Huu mfupi ni mkavu na umechongoka. Ukiukalia kidogo tu unaingia kwenye kitambaa, na mimi nimewahi kuukuta umetokeza upande wa pili wa bitana kama pini niliyoisahau. Brashi ya nguo inaupitia juu kwa juu. Kitenge kinauficha, lakini krepu nyeusi, kitambaa cha mabaibui, haifichi kitu.

Mwaka jana, siku tatu kabla ya Idi, mteja wangu wa muda mrefu alikuja kuchukua baibui lake. Alilishika mabegani, akaligeuzia mlangoni kwenye mwanga. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mama, haya manyoya ya nani?" Nikajibu ni ya Pamba, nikakimbilia brashi. Akanizuia mkono. "Nikilitia maji mara saba, na moja kwa udongo, hii krepu itabaki krepu?" Mimi ni Mkristo lakini nimezaliwa Tanga, sikuhitaji kufafanuliwa kwamba kwa Waislamu wa huku mbwa ni najisi, na alichonajisi huoshwa hivyo. Nilinunua kitambaa kingine kwa fedha yangu, nikashona usiku kucha Pamba akiwa amefungwa chini ya mwembe, analia.

Kwa hasira nikafanya ujinga wa kwanza. Kijana wa dada yangu ana mashine ya kunyolea. Nikamwambia mnyoe huyu. Alimaliza nusu ya mgongo nikamwambia aache, maana jua la saa sita lilishamkuta na ngozi ya mbwa mweupe ilikuwa inageuka kama kamba aliyetoka jikoni. Na manyoya yaliyonyolewa hayakuacha kudondoka, ila sasa yalikuwa vishina vifupi zaidi, havishikiki hata kwa kucha. Yule anayedhani kunyoa ni dawa aje aone viti vyangu.

Ujinga wa pili ulitokea duka la dawa za mifugo. Sitalitaja. Muuzaji aliniuliza ng'ombe wangapi, nikasema mbwa mmoja, ananyonyoka. Akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akanimiminia kwenye chupa ya soda, bila karatasi ya maelezo, akasema kifuniko kimoja kwa ndoo. Nilirudi nayo nyumbani kwenye wajukuu, chupa ya soda! Nashukuru sikuitumia siku ile kwa sababu maji yalikatika.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa ofisi ya kata. Nikampeleka Pamba, na chupa yangu kikapuni. Bwana mifugo aliyekuwa akichanja alipanua manyoya ya kiunoni kwa vidole viwili akanionyesha: juu kuna manyoya magumu, chini kuna mengine laini kama sufi, urithi wa huyo baba wa kizungu. Akaniuliza amezaa lini. Nikahesabu, nikakuta wakati ule wa baibui ilikuwa kama miezi miwili na nusu tangu azae watoto sita. "Basi huyu si mgonjwa," akasema. Jike akishalea, manyoya mengi huachia kwa pamoja, na mapya yanaota yenyewe. Akaniambia pia kila unyoya una umri wake: unaota, unapumzika, unaanguka. Mfupi umri wake mfupi, ndiyo maana unaanguka mara kwa mara kuliko ule wa mbwa wa manyoya ya kusokotana. Nchi za baridi mbwa wengi wana misimu ya kupukutika, kwa kuwa mchana hurefuka na kufupika. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni karibu ule ule, basi wanapukutika mwaka mzima.

Kisha akaifungua chupa, akainusa, akaifunga haraka. Dawa ile inaua kupe, akasema, unyoya hauhusiki. Mbwa hujilamba, na kipimo kikizidi anaweza kutetemeka na kulegea, hata kufa. Nilimweleza kuwa jirani yangu alimpaka mbwa wake oili chafu ya gari akidhani ni upele, mbwa akatapika siku mbili. Hakushangaa hata kidogo.

Swali lililonitia aibu ni la chakula. Nilikuwa nampa ugali na mchuzi uliobaki. Unyoya karibu wote ni protini, na mimi nilikuwa nimemwacha anyonyeshe watoto sita kwa ugali. Sasa nachemsha dagaa, nikiwaloweka kwanza kutoa chumvi na mchanga, nachanganya na ugali kidogo, na yai moja mara mbili kwa wiki. Mchuzi nimeacha, kwa sababu vitunguu vinaharibu damu ya mbwa, jambo ambalo katika miaka hamsini na nane ya maisha yangu hakuna aliyewahi kuniambia. Ilichukua kama mwezi na nusu kuona tofauti. Alianza kung'aa.

Lakini hata mbwa anayekula vizuri anapukutika, na hapa ndipo namjibu msomaji wa Morogoro. Kazi ni kuyatoa manyoya wewe mwenyewe, nje, kabla hayajaanguka ndani. Mimi natumia glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ile yenye vijipele kiganjani. Naichovya maji, naikung'uta, napapasa kuelekea yanakolalia manyoya, shingoni hadi mkiani, dakika kumi, siku moja naruka siku moja nafanya. Yanajikunja yenyewe kama uzi mbovu chini ya cherehani. Siku ya kwanza nilijaza kopo la rangi la lita 4. Pamba anapenda mpaka anasinzia.

Naangalia upepo. Kipindi cha kusi nakaa upande wa kaskazini wa nyumba, ukuta unikinge. Kaskazi ikishika nahamia upande wa pili. Jirani yangu ana kamba ya kuanikia kanzu na sitaki kesi nyingine.

Kuogesha ni mara moja kwa mwezi, baada ya kupapasa na si kabla, kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya mbwa nikiipata. Sabuni ya unga hapana, inamkausha ngozi na manyoya yanazidi kuachia. Ndani sifagii tena, maana ufagio unayarusha; napiga deki. Kochi nalifuta kwa glavu ile ile, mbichi. Chumba cha kushonea Pamba haingii, vitambaa vya wateja vinakaa kwenye ndoo zenye mfuniko, na gauni la kumpapasia mbwa silo la kukatia nguo.

Nisieleweke vibaya: si kila kunyonyoka ni kwa kawaida. Ukiona kipara, hasa cha duara, au magamba kwenye ncha za masikio na viwiko, au anajikuna usiku kucha, au watoto nyumbani nao wameanza kujikuna, usipapase kitu. Huo huenda ni upele au fangasi, unaoweza kuambukiza watu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya dawa za mifugo. Mtu akija na shida ya mbwa, muulizeni mbwa ana nini kabla ya kushika dawa ya ng'ombe. Na kama dawa inamfaa, muuzeni katika chupa yake yenye maandishi na kipimo cha mbwa. Chupa za soda muwaachie watoto na soda.

Yule mteja alirudi Idi Kubwa na kitambaa cha mtoto wake. Siku ya kuchukua alikaa barazani, akakigeuzia kwenye mwanga, mbele na nyuma, hadi ndani ya mikono. Nikasimama pale kama mwanafunzi. Akakikunja, akalipa, akauliza mbwa yuko wapi. Nikamwambia nyuma ya nyumba. Akasema, "Akae huko huko."

Fundi cherehani,
Makorora, Tanga