Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU: vyuo vituonyeshe kazi za wanafunzi, orodha tumeshazisoma

Ndugu Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania,

Shikamoo. Najua mafaili hapo ofisini hayaishi ila hili nimeona niliandike hadharani maana linatuhusu wengi, wazazi wanaouza ng'ombe kulipa ada, vijana wanaosubiri bumu, na sisi wa mtaani tunaowapokea hao vijana wakija field. Mimi niko kwenye kiofisi hapa Dar tunatengeneza mifumo na vifaa vidogovidogo vya elektroniki.

Niende moja kwa moja. Kila digrii ya kompyuta na uhandisi ina ile orodha ya matokeo ya ujifunzaji, yani mtu akimaliza atakuwa anaweza nini. Nimesoma za vyuo kadhaa na kwa kweli zinapendeza, mhitimu ataweza kuchambua tatizo, kubuni mfumo, kuujenga, kuupima, kufanya kazi na wenzake, kujieleza hata kwa mtu asiye fundi. Nani atakataa hapo? Kasheshe inaanza ukishika hiyo orodha mkono mmoja na pasti pepa mkono mwingine. Kozi imeahidi kubuni na kujenga, halafu swali la kwanza la UE, yani mtihani wa mwisho wa muhula, ni taja hatua za kutengeneza mfumo, alama 10, na la tatu ni andika programu ya kupanga namba, kwa kalamu, kwenye karatasi. Kosiweki nayo ni testi mbili za mtindo uleule na kazi ya grupu yenye majina kumi juu na mtu mmoja aliyekesha.

Tulipata kijana wa mwaka wa tatu, GPA ya juu tu, adabu nzuri, kanuni ya Ohm anaitiririsha kama dua. Nikampa bodi ya kupima maji kwenye tenki, namba zinarukaruka, nikamwambia nitafutie kwanini. Akachukua mita, akaiweka kwenye ampea, yani kupima mkondo wa umeme, akaigusisha moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ya mita ikakata pale pale. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, desa la hii lipo?" yani notsi za kukariri. Sikumlaumu hata kidogo. Nilivyomdadisi nikagundua miaka yote hiyo hajawahi kupewa saketi mbovu, maabara yao kila saketi inafanya kazi na jibu linalotakiwa kutoka wanalijua kabla hawajawasha. Sasa huyo kwenye makaratasi ya chuo tokeo la "kuchambua tatizo" kashalitimiza.

Na mwongozo wenu wenyewe unasema krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kwahiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120 za mwanafunzi. Saa 120 mtu anatakiwa atoke na kitu cha kuonyesha bana.

Wenzetu nao wamepita hapa. ABET, taasisi ya Marekani inayoidhinisha digrii za uhandisi na kompyuta, programu za uhandisi zilikuwa na matokeo 11, kuanzia mwaka wa masomo 2019-20 wakayashusha yakawa 7, na hawaishii kusoma orodha, chuo kinatakiwa kionyeshe kinapimaje na kimebadilisha nini baada ya kupima. Afrika Kusini wako kwenye Washington Accord, makubaliano ya kutambuliana digrii za uhandisi, tangu 1999, na ndio maana digrii za uhandisi zilizoidhinishwa kwao zinatambulika kwenye nchi wanachama wengine. Sisi mhandisi angalau ana SEAP, mpango wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), miaka mitatu ya kunolewa kazini, ila huyu wa kompyuta sayansi akivua joho anaingia mtaani hivohivo.

Ombi langu ni hili. Zamu ya kupitia mtaala ikifika, msipokee orodha peke yake. Kwa kila tokeo chuo kilete kazi tatu halisi za wanafunzi, iliyofanya vizuri, ya katikati na ile iliyopita kwa kuchechemea, pamoja na alama zilivyotolewa. Hiyo ya tatu ndo muhimu zaidi, maana ndo inayosema digrii hiyo inamruhusu nani apite. Tokeo likikosa kazi ya kulithibitisha, lifutwe, afadhali matano ya kweli kuliko kumi na nne ya mapambo.

Pili projekti ya mwaka wa mwisho. Unajua zinauzwa, na siku hizi hata hela haihitajiki coz AI inakuandikia kodi (code ya programu) na ripoti yake. Paneli ya chuo ikae na mwanafunzi mmoja mmoja kwa dakika kumi, afungue kazi yake, imwambie abadilishe kitu kidogo hapohapo, mfano kifaa kisome kila dakika badala ya kila saa. Aliyeijenga atajua aguse wapi.

Najua lekchara atasema darasa lina watu mia tatu na maabara nusu ya mashine zimekufa, na ni kweli kabisa, simlaumu. Ila dakika kumi hizo ni za mwaka wa mwisho tu, na waalike watu wa kazi waje kusaidia. Mimi na wenzangu kadhaa tuko tayari kuja kukaa kwenye hayo mapaneli, nauli tutajilipia, mtupe tu tarehe mapema tupange kazi za wateja.

Wako,
Fundi wa mifumo, Dar es Salaam