Wa Makete anayeshuka Kyela ajihadhari na malaria

Mhariri,

Mtu mzima wa Makete, kwenye baridi ya milimani, anayeshuka bonde la joto la Kyela kuvuna mpunga yumo hatarini kama mtoto. Kinga ya malaria hujengwa kwa kuugua mara nyingi, na hufifia ukikaa kwenye baridi miaka bila kuambukizwa. Tena haizuii vimelea kuingia. Huzuia visiongezeke mno kwenye damu.

Damu ya watoto wa Muheza, Tanga, iliwaongoza watafiti mwaka 2014 kwenye PfSEA-1, protini ya kimelea cha malaria. Waliripoti kuwa kingamwili (askari wa mwili walio kwenye damu) zikiishika, kimelea kilichokomaa hunaswa ndani ya chembe nyekundu, hakitoki kushambulia nyingine. Lakini utafiti wa 2021 ulionyesha protini hiyo hufanya kazi ndani ya kiini cha kimelea kinapogawanyika, si kwenye kutoka, hivyo kufaa kwake kwa chanjo kuna shaka.

Kwa sasa, beba chandarua chenye dawa. Homa ikikupata hata wiki mbili baada ya kurudi, pima siku hiyohiyo, mweleze daktari ulikotoka.

Wataalamu wa maabara,
Njombe