Muache kuzidisha batu ba Goma kama bidoni ya maharagi

Muheshimiwa Muhariri,

Miaka mingi nasoma gazeti yenu na nanyamaza, lakini ile habari ya mpox (homa ya nyani) muliandika, eti Goma iko na batu zaidi ya milioni moja basi ugonjwa ikiingia bote tutapona na Mungu tu, hapana. Munachukua wingi ya batu munazidisha na ukali ya ugonjwa. Nani alibafundisha ile hesabu?

Ebola ilifika hapa Julai 2019 na basi kutoka Butembo. Bagonjwa bangapi mu Goma yote? 4. Na kuanzia mwaka ule ule surua ikaua zaidi ya batu 6,000 mu Kongo, bengi batoto, lakini hakuna aliyekimbia juu yake. Ebola inaua sana lakini inaambukiza mutu akiisha kuugua, benye kumugusa ni jamaa na banganga, unabafuata moja moja unabachanja. Surua inapita na hewa hata mbele madoa itoke, mugonjwa moja kati ya benye habachanjwe anaweza kupatia 12 mpaka 18. Na mpox ya Kamituga, muji ya machimbo ya zahabu mu Kivu ya Kusini, mu 2023 ilianza kwa baa za machimbo, kwa batu kidogo benye kukutana na bengi, kisha barabara na bwato ikaileta Bukavu na huku kwetu. Njo vile: nani anakutana na nani, na ugonjwa inapita wapi.

Sasa musikie. Kwa port nikienda Bukavu bananipima joto kwa kipaji cha uso, jua ilikuwa imeniunguza, bananiweka pembeni kama mwizi, tunabishana mpaka bwato inataka kuondoka, na wakati ule ule bale babeba mizigo, benye kushika sakoshi ya kila musafiri kutoka asubuhi, banapita nyuma yangu bila kunawa, bila kupimwa, hakuna hata anayebaangalia!! Mimi ninajulikana na batu kumi, bale banagusa muji muzima.

Na ile ndoo ya kunawa ilikuwa kavu. Maji tena! Kartie yetu robine inakohoa tu, tunachota ziwani, halafu munashangaa kolera. Kolera haiombe urafiki, pahali moja pachafu pa kuchota panaunganisha avenue yote.

Mutume mwandishi wenu akae parking ya motari (benye kubeba batu na pikipiki) kule Birere, na kalamu, ahesabu motari moja anabeba batu bangapi mpaka jioni. Chanjo ikija ianzie kwa banganga, bamotari, babeba mizigo na bamama benye kuuzisha samaki ya sambaza. Kofia ya jua ya huyo mwandishi nitalipa mie.

Musomaji wenu, Goma