Oda kubwa nusura initoe sokoni

Mhariri,

Kila wiki nasoma katika gazeti lako habari za wajasiriamali waliotoboa: jana kibanda, leo kiwanda. Nazifurahia. Ila naomba waandishi wako wawe wanawauliza pia swali moja: ukishapeleka mzigo, hela unaipata baada ya siku ngapi?

Natengeneza siagi ya karanga hapa Dodoma. Nilianza na makopo 200 kwa wiki, na wateja wangu walilipa papo hapo. Mwaka juzi duka moja kubwa likanipa oda ya makopo 1,500 kwa wiki, malipo baada ya siku 60. Nyumbani tulichinja mbuzi. Hakuna aliyekaa chini kupiga hesabu. Kila kopo lilinigharimu shilingi 2,500 mpaka kufungwa. Wiki nane ni makopo 12,000, yaani milioni 30 zimelala kwenye rafu za watu, nami mtaji wangu wote ulikuwa milioni 6. Ulikata wiki ya pili. Nikakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, marejesho kila Ijumaa, na duka lenyewe likaja kunilipa siku ya 94.

Wala si sisi wadogo tu. Nakumatt, ile kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilitokana na duka la magodoro la Nakuru, ikafikisha matawi zaidi ya 60 na kuvuka mipaka hadi kwetu, kisha ikashindwa kuwalipa waliokuwa wakiijazia rafu. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe.

Lakini kilichoniuma kuliko deni ni karanga zenyewe. Zamani nilizichambua mwenyewe kwenye ungo: iliyosinyaa, yenye doa, yenye ukungu, zote nje. Tulipoanza kukimbizana na oda niliajiri vijana wanne ndani ya siku tatu bila kuwafundisha, nikapokea magunia usiku bila kuyafungua kuangalia unyevu. Asubuhi moja nikachota kiganja karibu na mashine, nikaona punje zenye ukijani. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, haiishi kwa kukaanga, na sisi wa huku hatujasahau mwaka 2016, watu walipokufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Makopo 900 yalikuwa tayari yana lebo. Sikuyatoa, yote tukayafukia.

Wanaotoa mikopo na semina, tafadhali, tufundisheni kuhesabu siku za kungoja malipo kabla ya kutufundisha kutafuta soko. Na wenye maduka makubwa, mali kauli, mzigo mnaochukua sasa na kulipa baada ya miezi mitatu, ni mtaji wetu mnaozungusha ninyi.

Sasa natoa makopo 500, nusu ya malipo mkononi mzigo unaposhuka. Juzi duka jingine limenipigia, linataka 2,000 kwa wiki. Nimewaambia nitawajibu baada ya mavuno, nikishajua nani atakaa kwenye ungo.

Mama wa siagi ya karanga,
Dodoma