Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Malazi ya Misafara, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Asalaam alaykum! Tumsifu Yesu Kristo!

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Klabu ina wanachama 34, na mwaka huu tumeshughulika na jambo moja tu: mahali walipolala wasafiri wa zamani katika njia ya misafara kutoka Ujiji hadi hapa kwetu Bagamoyo.

Wengi wetu tuliijua Caravan Serai kama jengo linalopigwa picha na watalii. Tulipoanza kuisoma ndipo tulipofahamu kwamba wapagazi waliotembea karibu kilomita 1,200 walifikia hapa na kutua mizigo. Katika karne ya 19 walipita maelfu, wengi wao Wanyamwezi. Walileta pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Walikuwa wafanyakazi wenye ujira, wenye posho, na kirangozi wao alitangulia mbele na bendera. Katika misafara hiyo hiyo walikuwamo watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuja kwa hiari wala hawakurudi kwao. Habari zao hatutaziruka.

Mheshimiwa, mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Mwezi wa saba tulipima mahindi ya uzito huo, tukayatia kwenye gunia na kupokezana kulibeba kutoka getini hadi Caravan Serai. Mwenzetu mwenye nguvu kuliko sote alibadilisha bega mara nne kabla hatujafika barabarani. Tulipolitua kwenye kivuli cha ukuta hakuna aliyesema neno. Kila mmoja alikuwa akijisugua shingo. Hapo ndipo kile kivuli kilipotuingia akilini, tukamfikiria mtu aliyetoka Tabora kwa miguu.

Huko Tabora nako wasafiri walipumzika kwenye tembe, nyumba za udongo zenye paa bapa. Katika tembe la Kwihara, mwaka 1872, David Livingstone alikaa miezi mitano akingoja wapagazi kutoka pwani. Alipofariki mwaka uliofuata, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita tena Kwihara, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Tungependa majina ya waliombeba yaandikwe kwa herufi kubwa sawa na lake.

Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikahamia kwenye mabehewa, na Bagamoyo ikabaki pembeni.

Neno serai asili yake ni Kiajemi. Iran walijenga nyumba za misafara hata jangwani, na mwaka 2023 UNESCO iliingiza 54 kati ya hizo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Njia yetu, yenye Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, iko kwenye orodha ya awali, yaani ya maeneo yanayosubiri kupendekezwa, tangu mwaka 2006. Tumewafurahia wenzetu wa Iran, na siku tuliposoma habari hiyo tuliingiwa na hamu kubwa ya kuona yetu nayo ikifika huko.

Mheshimiwa, tunakuomba utusaidie usafiri wa kwenda Kwihara. Chakula tutajichangia wenyewe. Ombi la pili ndilo linalotukaa moyoni zaidi: vinasa sauti viwili. Mzee mmoja wa mtaa wa jirani alitusimulia kwamba babu yake alikuja na msafara kutoka Unyamwezi, akaoa hapa, akapanda minazi. Aliimba hata wimbo wa njiani. Tulikuwa tukiandika kwa mkono, wimbo ukatupita. Tulipopanga kurudi tulikuta watu wamekaa matanga. Wazee wengine wawili wamekubali kuzungumza nasi, na hatutaki kwenda kwao tena na daftari peke yake.

Baada ya chai tunaomba utembee nasi hadi Caravan Serai. Gunia letu la mahindi liko pale getini, na ukipenda, tutakutwisha kwa hatua chache za mwanzo.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Historia